Manati Juu ya Mto Potomac: Uchambuzi wa Kisa cha Ndege ya Langley, 1903

Jioni ya tarehe 8 Desemba 1903, mjini Washington, mahali mto Anacostia unapoingia mto Potomac, nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya tishari ilikuwa imetia nanga huku vipande vya barafu vikipita ubavuni mwake. Juu ya paa lake kulikuwa na reli fupi, na juu ya reli hiyo lilikaa dude lenye jozi mbili za mabawa, moja mbele na moja nyuma, mithili ya kereng'ende aliyetua juu ya jani. Ndani yake alikuwamo mhandisi kijana, Charles Manly, amevaa jaketi la kuelea. Giza lilikuwa linaingia na upepo ulikuja kwa vishindo, lakini fedha za mradi zilikuwa zinaishia na majira ya baridi yalikuwa yameshafika, kwa hiyo haikuonekana kuwa kuna siku nyingine ya kungojea. Manly aliikaza injini, akatoa ishara, na manati, mtambo wa kuisukuma ndege ghafla juu ya reli, ikafyatuka. Kabla ndege haijapata hewa ya kutosha chini yake, mabawa ya nyuma na mkia vilivunjika. Pua ikainuka mpaka ndege ikasimama wima, ikapinduka, ikaanguka chali majini na rubani akiwa chini yake.

Jaketi lake lilinaswa kwenye vyuma. Alilichana, akapiga mbizi kujitoa ndani ya fremu, akaibukia chini ya barafu, ikambidi azame tena ndipo apate uwazi wa kuvuta pumzi. Waliompokea walisimulia kwamba alipokwisha kufunikwa blanketi, maneno yaliyomtoka kinywani hayakuwa ya kumshukuru Mungu.

Siku tisa baadaye, kwenye mchanga wa Kitty Hawk, jimbo la North Carolina, Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 na kwenda mita 36 na kitu, na siku hiyo hiyo ndugu yake Wilbur akakaa hewani sekunde 59 na kufika mita 260. Tangu hapo kisa cha ndege ya Samuel Langley kimekuwa kikisimuliwa kama kichekesho cha msomi aliyepewa mafungu ya fedha akashindwa na mafundi wawili wa baiskeli. Masimulizi hayo yanapendeza masikioni, lakini kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi ndege ya majaribio inavyobuniwa na kuundwa hayafai kitu, kwa sababu yanaliacha swali lenyewe nje. Langley hakuwa mjinga, mafundi wake hawakuwa wazembe, na injini waliyoiunda haikuwa na mwenzake duniani kwa wepesi. Hoja yangu ni kwamba ndege hii iliangushwa na mpangilio wa maswali: mbuni wake aliuliza mwanzo kabisa ni nguvu gani itakayoiinua, akauliza mwisho, tena kwa haraka, ni nani atakayeishika usukani na mabawa yake yatastahimili misukumo ya namna gani, na njia aliyoichagua ya kuijaribu ilihakikisha kwamba kosa la kwanza litaizamisha ndege nzima.

Mtazama nyota na ndege zake ndogo

Langley alizaliwa mwaka 1834 huko Roxbury, Massachusetts. Hakupita chuo kikuu. Elimu ya falaki aliipata kwa kujisomea na kwa kuunda darubini kwa mikono yake, na kwa njia hiyo akafikia kuongoza kituo cha kutazamia nyota cha Allegheny, karibu na Pittsburgh, ambako alivumbua bolometa, chombo cha kupima joto hafifu la mionzi. Mwaka 1887 alifanywa Katibu wa Smithsonian, taasisi ya sayansi na makumbusho iliyoko Washington, cheo ambacho katika taasisi hiyo ndicho cha mkuu wake. Alipogeukia urukaji alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 na jina kubwa la kulinda, jambo ambalo tutaona lilimgharimu.

Alianza kama mwanasayansi anavyopaswa kuanza, yaani kwa kupima. Huko Allegheny alijengesha mkono mrefu uliozungushwa na injini ya mvuke katika duara lenye kipenyo cha mita 18 hivi, na kwenye ncha yake akafunga mabamba ya aina mbalimbali ili ajue hewa inayasukuma kwa kiasi gani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1891, na kiini chake kilikuwa kwamba injini za wakati ule zilikuwa na nguvu ya kutosha kuinua kitu kizito kuliko hewa, mradi mtu ajue namna ya kukielekeza. Aliongeza dai lililozua ubishi, kwamba kadiri bamba linavyokwenda kasi ndivyo linavyohitaji nguvu kidogo zaidi. Dai hilo ni kweli katika kipande kidogo tu cha mwendo, kwa kuwa hakuuhesabu ukinzani wa fremu, wa nyaya, na wa hewa inayokwaruza uso wa bawa. Lilimjenga hata hivyo katika imani kwamba tatizo la kuruka ni tatizo la injini.

Kisha akaingia kwenye ndege ndogo zisizo na mtu. Miaka kadhaa ilipita kwa kuunda, kuvunja na kuunda upya, mpaka tarehe 6 Mei 1896, karibu na Quantico katika jimbo la Virginia, ndege yake Namba 5 ilipofyatuliwa kwa manati kutoka juu ya tishari ikaenda kiasi cha kilomita moja kwa injini ya mvuke, ikashuka polepole majini, ikaokotwa, ikarushwa tena siku ile ile. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alikuwapo na ndiye aliyepiga picha. Mwezi Novemba mwaka huo Namba 6 ilikwenda karibu kilomita moja na nusu. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Ndege ndogo isiyo na mtu ina sharti moja: lazima ijisawazishe yenyewe. Langley aliinua ncha za mabawa juu kidogo ili ndege ikiyumba irudi mahali pake, akaweka mkia wa umbo la msalaba unaoweza kunepa ili pua isipande wala kushuka kupita kiasi. Vyote viwili vilifanya kazi vizuri katika hewa tulivu ya mtoni asubuhi au jioni, saa alizozichagua kwa makusudi. Tabia hiyo ya ubunifu aliihamisha mzima mzima kwenye ndege kubwa, na mtu aliyepandishwa ndani yake akawa ni kama abiria aliyepewa usukani mdogo wa kurekebisha mambo yakizidi.

Mwaka 1898 Marekani ilipoingia vitani na Hispania, Wizara ya Vita ilimpa dola 50,000 aunde ndege ya kumbeba mtu. Pamoja na fedha zilizotoka Smithsonian, mradi mzima ulikula kiasi cha dola 70,000.

Kukuza si kuongeza

Njia iliyoonekana fupi ilikuwa kukuza kile kilichokwisha kuruka. Ndege kubwa ilibaki na umbo la ndugu zake wadogo: mabawa mawili mawili yaliyofuatana, upana wa mita 14.8 kutoka ncha hadi ncha, urefu wa karibu mita 16, fremu ya mabomba ya chuma, na rafadha mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu katikati ya jozi za mabawa. Kati ya ndogo na kubwa iliundwa nyingine ya robo ya ukubwa, yenye injini ndogo ya petroli. Hii iliruka mwezi Juni 1901, ndege ya kwanza ya petroli kufanya hivyo ingawa haikuwa na mtu, na ikaruka tena tarehe 8 Agosti 1903, miezi miwili tu kabla ya zamu ya ndege kubwa.

Hapa inafaa kusimama. Ukikuza kitu mara nne kwa kila upande, eneo lake huongezeka mara 16, lakini ujazo wake, na kwa hiyo uzito wake, huongezeka mara 64. Ndege ya robo ilikuwa na kilo 26 hivi. Kama kila nguzo na kila ubavu wa bawa ungenenepeshwa kwa kipimo kile kile, ndege kubwa ingepindukia kilo 1,600, ilhali mabawa yake yenye mita za mraba 97 yangeweza kuinua robo tu ya mzigo huo kwa mwendo ule ule. Ilipokamilika, pamoja na rubani, ilikuwa na kilo 340. Tofauti ya kilo 1,300 ilipatikana kwa kukondesha kila kipande. Kwa hiyo mchoro ulikuwa mmoja lakini kitu kilichochorwa kilikuwa kingine kabisa, na kule kuruka kwa ile ndogo hakukuthibitisha lolote kuhusu uimara wa hii kubwa; kulithibitisha mpangilio wa mabawa na mkia, basi. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kuunda tiara analijua jambo hili bila hesabu: chelewa zinazotosha tiara ya ukubwa wa daftari haziwezi kushika tiara ya ukubwa wa mlango, na ukitia fito nene ili isipinde, haitoki chini.

Mafundi wa Smithsonian hawakuwa hawalijui hili, ndiyo maana mabomba ya fremu na mihimili ya mabawa vilichongwa kwa uangalifu wa sonara. Walichokosa ni kipimo cha kuwaambia wamekondesha kupita mpaka wapi. Mizigo inayolipata bawa wakati ndege inakwenda haikuwa imepimwa na mtu yeyote juu ya bawa lenyewe la ukubwa ule, kwa kuwa bawa lile halikuwahi kwenda hewani hata mara moja bila injini, bila manati na bila rubani.

Injini ya Manly

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyowalevya wenyewe. Mwezi Desemba 1898 Langley aliingia mkataba na fundi wa New York, Stephen Balzer, aunde injini ya petroli yenye nguvu farasi 12. Injini ya Balzer ilikuwa ya aina ambayo silinda zenyewe huzunguka kwa pamoja ili zipozwe na hewa, huku ekseli ikisimama. Wazo lilikuwa zuri na miaka michache baadaye lilikuja kutumika sana Ulaya, lakini injini hii haikufikia nguvu iliyoahidiwa, na fundi akafilisika akiihangaikia. Mwaka 1900 Langley na Manly walikwenda Ulaya kutafuta mwingine wa kuwaundia, wakaambiwa na waunda injini kwamba nguvu hiyo kwa uzito huo haiwezekani.

Manly alirudi, akaichukua injini ya Balzer, akazisimamisha silinda na kuiacha ekseli ndiyo izunguke, kisha akazivisha silinda koti la maji ya kupoza. Zilikuwa silinda tano zilizopangwa kama miale ya nyota, kila moja ikiwa na ganda la chuma lenye unene usiozidi milimita mbili, na ndani yake bitana nyembamba ya chuma cha kumimina. Kabureta ilikuwa sanduku lililojaa vipande vya mti wenye matundu matundu vilivyoloweshwa petroli, hewa ikivutwa kupitia humo na kutoka imebeba mvuke wake. Fundi wa gereji wa leo angecheka, lakini ilikwenda. Kutoka nguvu farasi 12 zilizokusudiwa, Manly alifikisha 52 kwa mizunguko 950 kwa dakika, na uzito wote, pamoja na maji na rejeta, haukuzidi kilo 94. Hiyo ni chini ya kilo mbili kwa kila nguvu farasi moja. Injini ya akina Wright, iliyoundwa na fundi wao Charlie Taylor kwa wiki sita kwa msaada wa lezi na mashine ya kutobolea tu, ilihitaji zaidi ya kilo sita kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa upande wa injini, basi, mpambano haukuwa karibu hata kidogo. Lakini injini hiyo ilikula takriban miaka minne, na katika miaka hiyo mabawa yalikaa yakiisubiri. Isitoshe, nguvu ilipopanda kutoka 12 hadi 52, fremu iliyokuwa imewaziwa kwa nguvu ndogo ilipewa mzigo wa ekseli za pembeni na gia za pembe za kupeleka mzunguko kwenye rafadha mbili, na mitikisiko yake. Kila aliyewahi kutia injini kubwa kwenye chombo kilichoundiwa injini ndogo anajua kwamba kinachofuata kuvunjika ni kile kinachoishikilia.

Mabawa na usukani

Mabawa ya Langley yalikuwa ya kitambaa cha pamba kilichotandazwa juu ya mbavu nyepesi za mbao, yakishikiliwa na nyaya zilizotoka kwenye nguzo fupi juu na chini ya fremu. Bawa la namna hii, lililo peke yake bila mwenzake juu au chini, linazuiwa vizuri lisipinde kwenda juu, lakini halizuiwi vizuri lisisokoteke. Hewa inaposukuma mbele ya mhimili unaolishika bawa, ukingo wa mbele huinuka kidogo. Ukingo ukiinuka pembe huongezeka. Pembe ikiongezeka msukumo nao huongezeka, ukazidi kusokota, na yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kutamka sentensi hii. Wahandisi wa vizazi vilivyofuata wameitaja ndege ya Langley mara nyingi kama mfano wa mapema wa bawa kuvunjwa na msokoto wake lenyewe. Elimu hiyo haikuwapo mwaka 1903. Kilichokuwapo ni uwezekano wa kuligundua tatizo kwa kulibeba bawa hewani taratibu, siku baada ya siku, na nafasi hiyo mradi haukujipa.

Usukani ulikuwa wa kusikitisha zaidi. Manly alikuwa na magurudumu mawili ya mkono, moja la kuinamisha mkia na lingine la kugeuza usukani mdogo uliokuwa chini ya fremu. Hakukuwa na kitu chochote cha kuizuia ndege isilalie ubavu. Kazi hiyo iliachiwa mabawa yaliyoinuliwa ncha, kama katika ndege ndogo. Na Manly mwenyewe, pamoja na ustadi wake wote wa injini, hakuwa ameruka maishani, hata kwa kishada cha kumbeba mtu au nyiririko ya mlimani, yaani kuteleza hewani bila injini. Alitarajiwa ajifunze urubani katika sekunde zile zile ambazo ndege ingekuwa inajifunza kuruka.

Jambo moja linanishangaza kila nikilifikiria. Ndege haikuwa na magurudumu wala miguu ya kuteleza. Langley alichagua maji kwa sababu ni laini kuliko ardhi na kwa sababu manati juu ya tishari iliyokwisha kufaulu kwa ndege ndogo ingeipa ndege kubwa mwendo mara moja. Lakini nafasi ya rubani ilikuwa chini ya fremu. Kwa hiyo hata siku ambayo kila kitu kingekwenda kama kilivyopangwa, safari ingeishia kwa rubani kuingia majini kwanza na ndege kumfuata. Chombo kilichobuniwa hivyo hakina jaribio la pili ila baada ya ukarabati mkubwa.

Tarehe 7 Oktoba na tarehe 8 Desemba

Jaribio la kwanza lilifanyika karibu na Widewater, Virginia, baada ya majuma mengi ya kungojea hali ya hewa huku waandishi wa habari, waliozuiwa wasisogee, wakiwa wamepiga kambi ng'ambo wakikasirika. Langley mwenyewe hakuwapo, alikuwa Washington. Ndege ilipofika mwisho wa reli iliinamisha pua na kuzama moja kwa moja. Manly alitoka salama. Timu ilieleza kwamba kipande cha nguzo ya mbele kilinaswa kwenye gari la manati na kuivuta ndege chini. Tarehe 9 Oktoba gazeti la New York Times liliandika katika tahariri yake kwamba huenda binadamu wakahitaji kati ya miaka milioni moja na milioni kumi kupata ndege inayoruka.

Maelezo ya kunaswa huenda yalikuwa ya kweli, na ndiyo ubaya wake, kwa sababu maelezo yanayomwondolea mbuni lawama hupokewa bila kuhojiwa. Baada yake ndege iliopolewa, ikatengenezwa, ikarudishwa juu ya paa lile lile ikiwa na mabawa ya namna ile ile, nyaya za namna ile ile na mkia wa namna ile ile. Hakuna aliyesema: iburuzwe kwanza bila injini, au bawa moja lipelekwe juu kwenye upepo tulitazame. Fedha na majira havikuruhusu, na Langley hakuwa mtu wa kusema hadharani kwamba anaanza upya. Jaribio la pili likavunja mabawa ya nyuma na mkia, na safari hii pia lawama ikapelekwa kwenye manati.

Inawezekana manati ilikuwa na hatia mara zote mbili. Lakini manati ni sehemu ya ndege inayohitaji manati. Ikiwa chombo hakiwezi kufika hewani ila kwa kufyatuliwa ghafla, basi mshtuko huo ni mojawapo ya mizigo ambayo mabawa yalipaswa kubuniwa kuistahimili, na mbuni hawezi kuutoa kwenye hesabu yake kisha akauita bahati mbaya.

Upande wa pili wa mizani

Ulinganisho na akina Wright una thamani kwa sababu uzito ulikuwa karibu mmoja. Ndege yao pamoja na rubani ilikuwa na kilo zinazokaribia 340, sawa na ya Langley. Mabawa yao yalikuwa na mita za mraba 47 tu, nusu ya yake, na injini yao ilikuwa na nguvu farasi 12, chini ya robo ya zake. Gharama haikufika dola 1,000. Mwaka 1899, tarehe 30 Mei, Wilbur alikuwa ameiandikia Smithsonian akiomba machapisho kuhusu urukaji, akatumiwa, yakiwamo ya Langley mwenyewe; kwa hiyo hata msingi wa usomaji ulikuwa mmoja.

Wao walianza na swali la mwisho la Langley. Mwaka 1899 waliunda tiara ya upana wa mita moja na nusu, na kwa kuvuta kamba wakaisokota ncha za mabawa ili waone kama wanaweza kuilaza na kuinyanyua watakavyo. Miaka mitatu iliyofuata walikuwa wakiteleza hewani kutoka kwenye vilima vya mchanga bila injini. Vipimo walivyovirithi vilipowadanganya mwaka 1901, wakatengeneza sanduku la upepo lenye urefu wa kama mita mbili, wakajaribu ndani yake maumbo ya mabawa yapatayo 200. Mwaka 1902 pekee waliteleza kati ya mara 700 na 1,000. Mabawa yao mawili yaliyopandana yalifungwa kwa nguzo na nyaya kama daraja, yakavishwa kitambaa cha pamba cha jamaa moja na ile nguo ambayo pwani yetu iliiita merikani. Msokoto uliomwangusha Langley kwao ulikuwa usukani: waliuruhusu makusudi, kwa kipimo, kwenye ncha tu.

Na kuna tarehe moja ambayo husahaulika. Siku ya 14 Desemba 1903 Wilbur alijaribu kwanza, akainua pua kupita kiasi, ndege ikaishiwa mwendo ikaanguka mchangani. Hilo ni kosa la rubani aliye mgeni wa usukani, tena rubani mwenye mamia ya nyiririko nyuma yake. Lilivunja vipande vichache vya mbao. Walivitengeneza, na siku tatu baadaye wakaruka. Kosa kama hilo likitokea juu ya Potomac lingezamisha mradi wa miaka mitano.

Kilichofuata

Wizara ya Vita ilijitoa. Bungeni kulifanywa mzaha kwamba kitu pekee ambacho profesa huyo amekirusha ni fedha za umma. Langley alifariki tarehe 27 Februari 1906, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukubali kuwa tatizo lilikuwa ndani ya ndege yenyewe.

Warithi wake Smithsonian walilipeleka jambo mbali zaidi. Mwaka 1914 walimpa Glenn Curtiss, mwunda ndege aliyekuwa ameshindwa na akina Wright katika kesi ya hataza, dola 2,000 aifufue ndege hiyo kwenye ziwa Keuka, New York. Tarehe 28 Mei iliinuka juu ya maji kwa mita 45 hivi. Lakini ilikuwa imetiwa maboya ya kuelea, nyaya na nguzo zake zimehamishwa, mabawa na rafadha vimebadilishwa, yaani imerekebishwa hasa pale ilipokuwa na udhaifu mwaka 1903. Kisha ikarudishwa katika umbo la zamani na kuwekwa makumbusho na maandishi yaliyosema ni ndege ya kwanza duniani iliyokuwa na uwezo wa kuruka na mtu. Kwa hasira Orville aliipeleka ndege yake London mwaka 1928, katika Makumbusho ya Sayansi, na akaapa itabaki huko. Mwaka 1942 Smithsonian ilichapisha orodha ya mabadiliko yote ya Curtiss na kulifuta dai lake. Orville alifariki tarehe 30 Januari 1948, na ndege yake ikawekwa Washington tarehe 17 Desemba mwaka huo.

Ya Langley sasa iko Chantilly, Virginia, katika ukumbi mkubwa wa makumbusho ya anga ya taasisi hiyo hiyo, imerudishiwa umbo lake la mwaka 1903, mabawa yakifuatana. Anayesogea karibu ataona mahali alipokaa Manly: chini ya fremu na chini ya mabawa, upande uliokuwa karibu zaidi na maji.